SOMO: KAMBA YA VIBANIO YA KUTUNDIKIA KADI NA KARATASI

Maandiko ya kusoma: Habakuki 2:2; Kumbukumbu la Torati 6:6-9

Leo tunajifunza kazi ya mikono, ndogo lakini yenye faida. Nabii Habakuki aliagizwa kuandika waziwazi ili msomaji asitaabike. Waisraeli nao waliagizwa kuandika maneno ya Mungu kwenye miimo ya milango, mahali ambapo mtu anayaona akiingia na akitoka. Karatasi iliyofungwa sandukuni haimfundishi mtu.

1. SHIDA YETU

Hapa kwetu Fataki tulizoea kubandika matangazo ukutani kwa uji wa unga wa muhogo. Mchwa na panya wakapenda uji ule kuliko sisi tulivyopenda tangazo. Siku moja mama mmoja alikuja kutafuta jina la mtoto wake katika orodha ya watoto waliobarikiwa. Tulimpeleka ukutani, tukakuta kipande cha karatasi kimebaki na herufi tatu tu. Hatukuwa na orodha nyingine. Yule mama hakutugombeza. Alinyamaza, na kunyamaza kwake kulituumiza zaidi.

Tena tunakumbuka mwezi wa Juni 2019, wakati watu zaidi ya 300.000 walikimbia katika jimbo letu la Ituri. Mtu anayekimbia hana nafasi ya kung'oa misumari wala kubandua karatasi. Lakini kamba ina mafundo mawili tu: unafungua, unakunja, unaweka ndani ya mfuko, unaenda.

2. VITU VYA KUTAFUTA

- Kamba nyembamba na ngumu, mita 5.
- Vibanio vya nguo 12, vile vya mbao vyenye waya uliozungushwa katikati.
- Vipande vya kitenge vilivyobaki kwa mshonaji.
- Mkasi, na kipimo cha sentimeta.

Asiyekuwa na pesa ya vibanio asikate tamaa. Chukua mwanzi mkavu, kata vijiti vya sentimeta 10, pasua kila kimoja kutoka ncha moja hadi katikati. Pale ufa unapoishia, funga uzi kwa nguvu ili usiendelee. Karatasi inaingizwa ndani ya ufa na kushikwa. Vibanio vya zamani vya mbao vilikuwa hivyo, kijiti kimoja chenye ufa. Kile cha vijiti viwili na waya kilipewa hati huko Marekani mwaka 1853, kwa jina la David M. Smith wa Vermont.

3. KUTENGENEZA

Kwanza, acha sentimeta 50 za kufungia, halafu piga fundo la mwanzo. Pima sentimeta 12, piga fundo, pitisha kamba ndani ya tundu la ule waya wa kibanio, piga fundo lingine upande wa pili. Hivyo kibanio hakitatembea wala kuanguka, na mdomo wake utatazama chini. Kibanio cha mwanzi kinafungwa kwa uzi.

Pili, kutoka kibanio hadi kibanio pima sentimeta 25. Sababu ni kwamba karatasi ya kawaida ina upana wa sentimeta 21, basi hazitapandana. Pima kila mara baada ya kupiga fundo, kwa maana mafundo yanakula kamba. Ukimaliza vibanio 12 utapata karibu mita 3, na mwisho utaacha tena sehemu ya kufungia.

Tatu, kata kitenge kwa utepe wa sentimeta 20, upana sentimeta 3. Funga utepe mmoja katikati ya kila vibanio viwili. Watoto wapewe kazi hii, nao wachague rangi.

Nne, funga kamba kwenye nguzo mbili za ndani, mbali na mlango, ili mvua na jua visifike. Karatasi isiguse ukuta. Kamba ya watu wazima iwe kwenye usawa wa macho. Ya watoto ishuke, wasome bila kubebwa.

Kutundika maandishi kwenye kamba si jambo la kuonea haya. Nchini Brazil kuna vitabu vidogo vya mashairi vinavyoitwa cordel, na desturi ya kuviuza ni kuvitundika kwenye kamba sokoni, ili apitaye avione.

4. YA KUTUNDIKA NA YA KUFICHA

Tundikeni: zamu za kufagia na kuchota maji, andiko la juma, michoro ya watoto, kadi za salamu kutoka kwa ndugu walio Bunia. Tundikeni pia tangazo hili kwa wazazi: sheria ya nchi yetu inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto aliyezaliwa, bila malipo.

Msitundike: kadi ya mchaguzi, hati ya ndoa, wala karatasi yoyote ambayo ni moja tu. Hizo zifungwe ndani ya plastiki, zikae kwa mwenyewe. Kwenye kamba itoshe kopi ya zile zisizo za siri. Msitundike ugonjwa wa mtu, wala jina la yule ambaye hakutoa sadaka.

Na hili tunalisema kwa mkazo: msitundike majina ya waliokimbia pamoja na vijiji vyao na mahali wanapolala. Mlango wa kanisa uko wazi kwa wote, na hatujui ni macho gani yatasoma. Orodha hiyo mwandishi wa kanisa aiandike mara mbili, na nakala hizo zikae kwa watu wawili waaminifu. Habakuki aliandika ili watu wasome. Kuna siku pia ambapo kumpenda ndugu ni kufunika jina lake.

5. MASWALI YA KUJIBU PAMOJA

a) Ni karatasi gani za kanisa letu ambazo hazina nakala?
b) Nani atafungua kamba siku ya hatari, na nani atamsaidia?
c) Nyumbani kwako, ni neno gani ungependa watoto walione kila asubuhi?

Bwana abariki kazi ya mikono yenu. Amina.