Mdogo Wangu, Weka Hicho Kisu Chini

Mama mmoja wa Keroka ameniuliza: mtoto akishikwa na joto usiku, kuna ubaya gani kumkatia kidonge cha baba yake, nusu au robo?

Ubaya upo, mdogo wangu. Ukikata robo umeshaamua kwamba mwili wa mtoto ni ule ule wa baba, ukubwa tu ndio tofauti. Sivyo. Mtoto mchanga ini na figo zake bado hazijakomaa, basi dawa hukawia mwilini na ikirundikana inamdhuru. Akifika miaka miwili, mitatu, mambo hugeuka: dawa nyingine, kama fenobabito ya kifafa, humwishia mwilini haraka kuliko mtu mzima, hata akahitaji nyingi zaidi kwa kila kilo. Sasa hiyo robo yako umeipimaje?

Tuchukue malaria, maana milima yetu ya Kisii na Nyamira haijatukinga nayo. Mtoto apimwe damu kwanza. Akikutwa nayo, dawa ya AL, yaani artemetha na lumefantrini pamoja, hutolewa kwa kilo: kilo 5 hadi chini ya 15, kidonge kimoja cha watoto, 15 hadi chini ya 25, viwili, mara mbili kwa siku, siku 3, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta ili ishike vizuri. Akitapika kabla ya nusu saa kwisha, arudishiwe dozi. Na wale wa chini ya kilo 5? Hawakuwa na dawa yao mpaka Julai 2025, Uswisi ilipoidhinisha AL yao iitwayo Coartem Baby, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi zilizoshiriki kuikagua. Hata watafiti hawakukata tu kidonge. Walibadilisha uwiano wa dawa mbili zilizomo.

Dawa ya maji nayo isipimwe kwa kijiko cha jikoni. Sisi watu wa majani chai tuna vijiko vya kila namna! Ukiambiwa mililita 5, zipime kwa sirinji. Dukani utaipata, bila sindano.

Aspirini usimpe mtoto kabisa, hata jirani akiisifu.

Ukienda duka la dawa beba kijitabu cha kliniki, utaje kilo zake za sasa, si za chanjo ya mwisho. Lakini akidegedeka, akikataa kunyonya au akilegea, usipitie dukani. Mpeleke hospitali usiku huo huo.