Somo la leo: Faida imetoka kwenye boksi, imehamia ukutani

Somo la leo ni refu kidogo, chukua chai kwanza. Linamhusu zaidi anayeuza TV, spika, kamera na vifaa vya umeme mtandaoni, lakini hata kama unauza mapazia au majiko ya gesi, soma. Utajiona humu ndani.

Mimi nilianza 2016 kuuza hom thieta kwa simu tu. Duka sina. Nilikuwa napita maduka ya Kariakoo napiga picha, naweka kwenye ukurasa wangu, mteja akilipia nakimbia kuchukua mzigo na kumtumia kwa bodaboda. Hom thieta ya spika tano na sabufa nilikuwa nachukua 260,000, nauza 340,000. Elfu themanini kwa boksi moja! Nikajiona nimefika, nikakodi fremu ya 250,000 kwa mwezi.

Kufika 2022 mambo yakawa mengine kabisa. TV zimekuwa janja, zinaingia YouTube zenyewe, deki ya DVD hakuna anayeiulizia. Hom thieta ya nyaya zinazozunguka sebule nzima watu wameichoka, wanataka saundiba moja nyembamba chini ya TV. Na bei haina siri tena. Mteja anakutumia skrinshoti za kurasa tano, anakuuliza "wewe mwisho bei gani?" Mbaya zaidi, wale niliokuwa nachukua mzigo kwao nao wamefungua kurasa zao. Saundiba nachukua 230,000, nauza 245,000, nimeahidi usafiri bure, bodaboda anakula 10,000. Nimebaki na 5,000.

Mwezi mmoja nikakaa chini na daftari. Nilikuwa nimeuza maboksi 31. Simu ilikuwa haitulii, nilikuwa nachoka kweli. Nikatoa usafiri, bando na mzigo mmoja uliorudi umepasuka. Faida iliyobaki ni 190,000. Kodi ya fremu ni 250,000. Yaani nilifanya kazi mwezi mzima halafu nikadaiwa 60,000 juu.

Kilichonizindua ni mama mmoja wa Goba. Alinipigia akaniambia, "Kaka, saundiba nilishanunua kwingine, lakini kila nikiiunganisha sauti inatoka kwenye TV tu. Na TV yenyewe nataka ipande ukutani. Unaweza kunisaidia?" Roho iliniuma, kanunua kwingine halafu ananipigia mimi. Ila nilikuwa sina kazi siku hiyo, nikaenda. Saa mbili tu nikawa nimemaliza. Mama akanipa 70,000 na chakula cha mchana, akasema ametafuta fundi wiki nzima kampata nani. Nauli yangu kwenda na kurudi ilikuwa 6,000.

Piga hesabu mwenyewe. 64,000 kwa saa mbili. Ningetakiwa kuuza saundiba karibu 13 kuipata hela hiyo.

Na haya si ya Dar peke yake. Marekani mafundi wa kazi hii wana chama chao, CEDIA, tangu 1989, na huko nako vifaa viliposhuka bei ikabidi fundi aache kutegemea faida ya kifaa, ajifunze kulipwa kwa kupanga, kufunga na kuhudumia. Boksi linauzwa na kila mtu. Kulifanya lifanye kazi nyumbani kwa mteja, hapo ndipo watu wanakuwa wachache.

Sasa twende kwenye masomo yenyewe. Mengine niliyalipia ada.

1. Tenganisha bei ya kifaa na bei ya kazi

Usiandike "TV inchi 55 na kufunga, bei moja". Mteja atalinganisha na mtu anayeuza TV tupu, utaonekana ghali. Andika mistari miwili: kifaa kiasi hiki, kazi kiasi hiki, na kazi inajumuisha nini. Mimi naandika: kupandisha ukutani, kuficha nyaya, kuunganisha king'amuzi na saundiba, kumfundisha mtu wa nyumbani kutumia rimoti. Akisema kifaa atanunua kwingine, mwambie karibu, mstari wa pili uko pale pale. Usinune. Yule mama wa Goba ameshaniletea nyumba nne.

2. Uliza kabla hujapokea hela

Hapa ndipo nililipia ada, na naomba usome taratibu.

Mteja wa Madale aliona video ya taa zinazowashwa kwa simu. Akaagiza swichi janja 12. Nilikuwa nachukua 33,000 moja, nikamuuzia 45,000. Akalipa yote 540,000, nami nikaenda kuchukua mzigo wa 396,000. Tumefika na fundi umeme, tumefungua swichi ya kwanza ukutani, fundi akanitazama. "Bosi, hapa hakuna nyutro." Tukafungua ya pili, ya tatu. Hakuna.

Iko hivi. Nyumba zetu nyingi, umeme wa moto unashuka kwenye swichi na kurudi kwenye taa. Nyutro inaenda moja kwa moja kwenye taa, haipiti kwenye swichi. Swichi ya kawaida haina shida na hilo, inakata na kuunganisha tu. Lakini swichi janja ina kifaa ndani kinachotakiwa kuwa macho muda wote ili kisikie simu yako, kwa hiyo nyingi zinahitaji nyutro pale pale. Zipo zisizohitaji, ila taa ndogo za LED wakati mwingine zinamemeta hata ukizizima.

Duka nililochukua mzigo wakakataa kurudisha. Mteja nilimrudishia 540,000 yake yote. Nikabaki na swichi 12 chini ya kitanda, na ndani ya ile 396,000 kulikuwa na ada ya mtoto. Nilizimaliza kuziuza baada ya miezi saba.

Tangu siku ile, kabla sijapokea shilingi, mteja ananitumia haya WhatsApp:

- Picha ya ukuta na soketi iliyo karibu. Ukuta wa tofali una skrubu zake, wa jipsamu una zake. TV ya inchi 65 ukiifunga kwenye jipsamu tupu, utakuja kuilipa.
- Picha ya nyuma ya TV. Matundu ya braketi yanapimwa kwa milimita, 200 kwa 200, 400 kwa 400 na kadhalika. Braketi isipolingana umepoteza nauli.
- Kama anataka swichi janja, picha ya swichi moja iliyofunguliwa na fundi umeme, umeme ukiwa umezimwa kwenye meni. Sio yeye afungue, wala sio wewe umwelekeze kwa simu.
- Video fupi akitembea kutoka ilipo rauta hadi kinapowekwa kifaa, akionyesha waifai inashika vipi.

Dakika tano za maswali zingeniokoa miezi saba.

3. Jifunze makosa matatu yanayorudisha mzigo

Mzigo mwingi unaorudi "mbovu" ni mzima.

La kwanza ni saundiba isiyotoa sauti ya TV. Waya wa HDMI umechomekwa tundu lolote. Mwambie mteja atafute tundu lililoandikwa ARC au eARC kwenye TV na kwenye saundiba, kisha aingie kwenye mipangilio ya sauti ya TV achague spika ya nje. Kama TV ni ya zamani haina ARC, tumia waya wa optiko.

La pili ni kamera au swichi janja isiyoiona waifai. Vifaa vingi vya bei ndogo vinatumia mawimbi ya 2.4 GHz tu, na simu ya mteja iko kwenye 5 GHz. Kwenye rauta washa 2.4, unganisha hapo, yamekwisha.

La tatu ni kamera inayokatika katika. Ipo getini, rauta ipo chumbani, katikati kuna kuta tatu. Hapo waifai usiilazimishe. Vuta waya wa mtandao, unafika hadi mita 100. Na mweleze mteja mapema: umeme ukikatika, kamera na rauta vinazima pamoja kama hana betri ya akiba. Asije kukuuliza siku ameibiwa.

Mimi haya matatu nimeyarekodi video za dakika moja moja. Mteja akilalamika, natuma video kwanza. Siku hizi mzigo unaorudi ni wa kuhesabu kwa vidole.

4. Mtafute mteja nyumba ikiwa haijapigwa plasta

Sisi tunajenga pole pole, kila mtu anajua. Mtu anayeweka picha ya nyumba yake imefika lenta ni mteja wako, ingawa TV hajaifikiria. Mwambie hivi: "Hongera kwa hatua. Kabla hujapiga plasta, weka bomba la nyaya nyuma ya TV, moja la kamera kila kona, na mwambie fundi umeme ashushe nyutro kwenye kila swichi." Bomba la plastiki bei yake ni ndogo. Kuvunja ukuta uliopakwa rangi ni hela nyingine na ugomvi na mke wake juu.

Ushauri huu natoa bure. Atakapohamia, namba yangu ndiyo ya kwanza anaikumbuka.

5. Kama wewe si fundi, ungana na fundi, muandikishane

Mimi napandisha TV na kuunganisha saundiba. Nyaya za umeme wa nyumba siguswi, hiyo kazi ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Yule tuliyekwenda naye Madale bado niko naye. Tumeandikishana karatasi moja: mimi naleta mteja na kupokea malipo, yeye anapata asilimia 60 ya hela ya kazi, kikiharibika kifaa mkononi mwake ni juu yake, kikiharibika njiani ni juu yangu. Karatasi moja tu, lakini imetuepusha na maneno mara mbili.

6. Funguo za nyumba ni za mwenye nyumba

Kamera ni macho ndani ya nyumba ya mtu. Usisajili kamera ya mteja kwa email yako eti kurahisisha. Tumia email yake, aweke nenosiri yeye mwenyewe ukiwa umegeuka pembeni, na ukimaliza ifute programu ya kamera yake kwenye simu yako mbele ya macho yake. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, si utani. Hata bila sheria, siku mteja akigundua ulikuwa unaona sebule yake, biashara imekufa na jina limekufa.

7. Rudi baada ya miezi mitatu

Weka kwenye kalenda ya simu. "Habari mama, vipi ile TV na kamera, zinaendelea vizuri?" Mara nyingi kuna kitu: waifai imebadilishwa, mtoto kahamisha mipangilio, kadi ya kumbukumbu imejaa. Kidogo namsaidia kwa simu bure. Ikibidi kwenda, kuna bei ya kwenda, naitaja kabla sijatoka nyumbani. Wateja tisa sasa wananilipa kila baada ya miezi sita nipite kukagua. Hela hiyo inakuja hata mwezi ambao sijauza boksi.

Fremu niliirudisha mwaka uliofuata. Drili, ngazi na begi la vifaa vinakaa nyumbani. Maboksi bado nauza, ila machache, na mengi yanakwenda na kazi juu yake. Ada ya mtoto inalipwa kwa wakati.

Zoezi la leo: chukua daftari, andika bidhaa yako unayouza zaidi. Toa bei ya kununua, usafiri, bando na hasara ya mizigo inayorudi. Andika kilichobaki, usijidanganye. Halafu jiulize: mteja akishafungua boksi hili, anakwama wapi? Muuza mapazia, nani anafunga fimbo? Muuza jiko, nani anaunganisha mtungi? Hapo alipokwama mteja ndipo ilipo hela yako.

Andika jibu lako kwenye komenti, tutajibizana jioni nikitoka kazini. Na kama una mwenzako anauza kamera au swichi janja, mtumie somo hili kabla hajapokea hela ya mtu.