Bido la Njano, Sombe ya Kijani: Kumfundisha Mtoto Rangi kwa Mchezo Nyumbani

Mtoto wa Baraka au Fizi, huku Kivu Kusini, hahitaji vitu vya plastiki vya dukani ili ajue rangi. Anapoamka, bido la njano liko mlangoni, mawese yako ndani ya chupa, sombe iko kwenye kapu na mihogo imeanikwa juani.

Hata Kiswahili kimeyatoa majina ya rangi nyingi humo humo. Kijani ni jani, kijivu ni jivu la jikoni, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda. Nyeupe, nyeusi na nyekundu hazikuazima jina la kitu. Mama, baba, anzeni na hizo, tena mbili kwa wakati mmoja.

Tandika mkeka, weka kikwembe chekundu upande huu na cheupe upande ule. Mpe mtoto tomati, umuulize: “Huyu ndugu yake nani?” Akiiweka juu ya kikwembe chekundu ameelewa, hata kama mdomo wake bado haujui neno. Wengi huanza kufananisha wakiwa na miaka miwili hivi; majina huja baadaye, mara nyingi katika mwaka wa tatu au wa nne. Kumsimamisha mbele ya wageni na kumuuliza “Hii rangi gani? Na hii?” ni mtihani, na mtoto ataukimbia.

Taja kitu kwanza, rangi ifuate: “Lete bido la njano.” Kiswahili chenyewe kinapenda mpango huo, nao humsaidia mtoto, kwa sababu jicho lake limeshafika kwenye kitu kabla rangi haijatajwa. Ugumu uko kwingine: kikombe ni chekundu, udongo ni mwekundu, nguo ni nyekundu. Akisema “kikombe nyekundu”, mpe kikombe. Kumsahihisha kutakuja na umri.

Kama nyumbani mnasema Kibembe au Kifuliiru, chezeni kwa lugha hiyo. Kifaransa kitamkuta shuleni. Watoto wa wakimbizi wa Burundi walioko kambi ya Lusenda wana majina yao ya rangi kwa Kirundi, na watoto wakicheza pamoja hufundishana bila mwalimu.

Mawese je, ni mekundu au ya rangi ya chungwa? Hata watu wazima hubishana. Pokea jibu lolote kati ya hayo mawili.

Mnapokwenda ziwani, muulize leo Tanganyika limevaa nguo gani. Alfajiri huwa la kijivu, mchana la samawati, na baada ya mvua kubwa maji ya karibu na midomo ya mito hugeuka kahawia. Mshike mkono wakati wote.

Kuchagua maharage kwa rangi ni mchezo mzuri kwa aliyepita miaka mitatu, mtu mzima akiwa karibu. Mdogo zaidi huyatia puani au kuyameza yakamkaba. Dawa za vidonge na betri ndogo zisichezewe kabisa, hata zikipendeza namna gani.

Akifika miaka mitano bado anachanganya nyekundu na kijani, ilhali rangi nyingine anazijua, huenda amezaliwa na macho ya namna hiyo. Hutokea zaidi kwa wavulana. Fimbo haitambadilisha. Mwambieni mwalimu wake mapema, asije akaadhibiwa kwa kupaka jani rangi nyekundu.