Saa ya Mwili na Maradhi ya Alfajiri

Ndugu msomaji, huenda nawe umo katika wale wanaobanwa na pumu, au wanaopiga chafya mfululizo, karibu na saa kumi ya usiku, ilhali mchana huonekana wazima. Na kama umeiacha dini ya wazee wako, bila shaka umekwisha ambiwa kwamba ni mizimu imekasirika, au ni jinni aliyekukalia kifuani. Yafaa jambo hili litazamwe kwa elimu, maana kuna waliorudi kwa mganga kwa hofu hiyo.

Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques de Mairan aliuweka gizani mmea unaofunga majani yake usiku. Majani yaliendelea kufunguka na kujifunga kwa nyakati zake bila kuliona jua. Basi saa imo ndani ya kiumbe chenyewe. Jinsi inavyokwenda ilibainishwa katika inzi wadogo wa matunda na Wamarekani Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017.

Kwa binadamu, saa kuu imo ubongoni, juu kidogo ya mahali ipishanapo mishipa ya macho. Ni chembe kama 20,000 tu, nazo hurekebishwa na nuru. Lakini hata askari wa mwili, yaani chembe za kinga, zina saa zao ndogo. Miongoni mwao zimo zinazohifuɑdhi histamini, ile inayoleta chafya, kuwashwa na uvimbe. Huko Japani, katika Chuo Kikuu cha Yamanashi, wataalamu waliona kwamba panya ambao saa yao imeharibika, mzio wao hauchagui tena usiku wala mchana. Tena kotisoli, homoni itulizayo uvimbe, hupungua mno karibu na usiku wa manane, na njia za pumzi husinyaa kuelekea alfajiri. (Vumbi la godoro nalo lisisahauliwe.)

Jinni gani huyu atiiye saa ya ubongo?

Mtume Mtukufu s.a.w. aliwahimiza wagonjwa kutafuta dawa. Basi mweleze daktari saa yenyewe unayobanwa, kwani huenda ikabadili wakati wa kutumia dawa. Wala usiiache dawa kwa ajili ya Ramadhani. Kurani Tukufu imemruhusu mgonjwa kufunga siku nyingine, na ambaye maradhi yake hayaishi, atoe fidia ya kumlisha maskini.