Krauni ya kauri ishike: uso kwanza, nano baadaye

Krauni ya kauri ikichomoka, wengi hukimbilia kubadilisha simenti. Siku hizi zipo simenti zenye chembe za nano, na baadhi ni nzuri kweli. Lakini chembe hizo huimarisha simenti yenyewe. Haziwezi kuokoa kauri ambayo uso wake haukuandaliwa. Basi anza na uso, ndipo uje kwenye nano.

Jua umeshika kauri gani. Mpigie fundi wa maabara umuulize: ni lithiamu disilikati au ni zirkonia? Kwa macho zinaweza kufanana, lakini kila moja ina maandalizi yake. Usikisie.

Lithiamu disilikati ina kioo ndani yake, kwa hiyo inataka asidi. Paka ndani ya krauni asidi ya haidrofloriki ya asilimia 5 kwa sekunde 20, suuza vizuri, kausha. Sasa sogea karibu na taa utazame. Uso ulioiva ni mweupe, umefifia, hauna mng'ao. Ukiona doa linalong'aa, ujue asidi haikufika hapo. Ukiona ungaunga mweupe umebaki, tumbukiza krauni kwenye maji safi ndani ya mashine ya ultrasoniki kwa dakika chache.

Asidi hii ina hatari. Itumie nje ya mdomo wa mgonjwa, vaa glavu na miwani, na jeli ya kalsiamu glukoneti iwe mezani kabla hujafungua chupa. Maumivu yake yanaweza kuchelewa huku ngozi inaendelea kuungua, kwa hiyo ikikugusa osha papo hapo, paka jeli, nenda hospitali.

Baada ya asidi, paka sileni. Iache sekunde 60, kisha kausha kwa hewa isiyo na mafuta. Sileni ndiyo inayoshikanisha kauri na resini ya simenti. Ikiwa dawa iliyokuwa angavu imeanza kuwa na ukungu, tupa chupa hiyo hata kama bado imejaa.

Zirkonia usiipotezee asidi; haina kioo cha kuliwa. Ipige mchanga wa alumina wa mikroni 50 kwa presha ndogo, baa 1 hadi 2. Fuatisha praima yenye MDP, kemikali inayoshika zirkonia, kisha simenti ya resini.

Mate ndiyo adui anayesahaulika zaidi. Mpime mgonjwa krauni kwanza, andaa uso baadaye. Kama maabara imeshaiandaa na ikagusa mate, isafishe upya. Hapa wengi huteleza: huchukua asidi ya fosforiki kusafisha zirkonia. Usifanye hivyo. Fosfeti hukalia zile nafasi ambazo MDP inazihitaji, na praima yako inakosa pa kushika. Tumia dawa maalumu ya kusafishia zirkonia, au pitisha mchanga tena kidogo.

Sasa nano. Kama uko kliniki, usikoroge unga wowote kwenye simenti ya mgonjwa. Nunua iliyotengenezwa kiwandani na usome karatasi yake: ina chembe gani, utando wake una unene gani, inaganda kwa taa pekee au na kemikali pia? Krauni ikiwa nene au si angavu, mwanga wa bluu wa taa hiyo haufiki chini vya kutosha. Chukua inayoganda kwa njia zote mbili.

Kama uko maabara ya utafiti na unataka kuiboresha simenti mwenyewe, mimi ningekushauri uanze na silika. Haiharibu rangi sana, na inashikana vizuri na sileni. Titania hufanya simenti iwe nyeupe na kuzuia mwanga. Fedha hupambana na bakteria, lakini inaweza kutia giza, na chini ya kauri angavu giza hilo litaonekana.

Kazi kubwa iko kwenye kuchanganya. Chembe za nano hupenda kushikana zenyewe, kama unga wa uji uliomwagwa wote kwa mpigo ukafanya madonge. Donge moja ndani ya simenti ni mahali ufa unapoanzia. Kwanza zivishe chembe sileni. Zitawanye kwenye ethanoli kwa ultrasoniki, ongeza resini, kisha vukiza ethanoli yote, kwa sababu ikibaki inadhoofisha simenti. Fanya kazi hii gizani au chini ya taa ya njano. Unga mkavu ushike ndani ya kabati la kuvutia hewa, ukiwa na barakoa ya N95. Chembe hizi hazifai mapafuni.

Weka kidogo. Anza na asilimia 1 ya uzito, kisha panda polepole. Ukizidisha, simenti inakuwa nzito na krauni haikai chini mpaka mwisho. Pima unene wa utando kila unapoongeza: kiwango cha ISO 4049 kinataka usizidi mikroni 50 kwa simenti ya resini. Ukivuka hapo, rudi nyuma, hata kama nguvu ilikuwa imepanda.

Usiridhike na nguvu ya siku ya kwanza. Gawa sampuli: nusu zivunje mapema, nusu zipitishe kwenye maji ya nyuzi 5 na 55 kwa zamu. Watafiti Gale na Darvell walipendekeza mwaka 1999 kwamba mizunguko 10,000 ichukuliwe kama mwaka mmoja mdomoni. Sampuli zisizo na nano zipite njia ileile, siku ileile.

Zikishavunjika, weka vipande chini ya hadubini kabla ya kujaza jedwali. Simenti ikiwa imepasuka katikati, unga wako ndio wa kurekebisha. Kauri ikiwa imetoka safi kabisa bila simenti, acha unga kwanza, rudi kwenye asidi, mchanga na praima.