Mfungwa na Chuo Kikuu: Je, ni Haki au ni Hisani?

Sisi wa Ryansoro tukienda Gitega kwa shughuli za soko au za ofisi, twajua ya kuwa katika mji ule mna gereza. Muyinga nako kuna gereza. Ndani ya kuta kama zile wamo watu waliopata kukaa darasani kama sisi. Swali la somo letu ni hili: mtu aliyehukumiwa kifungo, je, ana haki ya kuendelea na masomo ya juu? Au akiruhusiwa kusoma amefanyiwa hisani tu?

Kwanza tuyatenge maneno mawili haya. Hisani ni kitu ambacho mtu hukupa kwa wema wake, na siku akikasirika aweza kukunyang'anya. Haki ni kitu ulicho nacho hata kama mkubwa wako hakupendi. Kwa mtu aliye huru tofauti hii yaweza kuonekana ndogo. Kwa mfungwa ni kubwa sana, kama tutakavyoona.

Sheria yasemaje?

Mwaka 1948 Umoja wa Mataifa ulitoa Tangazo la Haki za Binadamu. Kifungu cha 26 chasema kila mtu ana haki ya kuelimishwa, na kwamba elimu ya juu iwe wazi kwa wote sawasawa, kwa kadiri ya ustahili wao. Wafungwa hawakutolewa. Mwaka 1955, mjini Geneva, ziliwekwa kanuni za kuwatunza wafungwa. Kanuni hizo zilirekebishwa Desemba 2015, zikapewa jina la Nelson Mandela. Kanuni ya 104 yataka wafungwa wote wawezao kufaidika na masomo waendelezwe, tena masomo ya gerezani yafungamane na masomo ya nchi, ili mtu akitoka aendelee bila taabu. Kanuni ya 64 yataka kila gereza liwe na maktaba.

Ni kweli kwamba kanuni hizi hazina nguvu ya mkataba. Lakini yako Mapatano ya mwaka 1966 juu ya haki za uchumi, jamii na utamaduni, ambayo Burundi iliyakubali mwaka 1990. Hayo ni mkataba, nayo yasema juu ya elimu ya juu maneno yanayofanana na yale ya Tangazo. Fikira iliyo chini ya yote ni moja: hukumu humwondolea mtu uhuru wa kwenda atakako, wala haimwondolei akili yake.

Mfano wa kwanza: Nelson Mandela

Mandela alikamatwa mwaka 1962 huko Afrika Kusini, akiwa hajamaliza digrii yake ya sheria. Katika kisiwa cha Robben alifanya kazi ya kuchimba chokaa mchana, na usiku alisoma masomo yaliyoletwa kwa posta. Lakini serikali ile iliyaita masomo hayo hisani. Basi ilipogundua kwamba alikuwa akiandika kwa siri habari za maisha yake, ilimkataza kusoma kwa miaka minne. Hapo ndipo twaona tofauti ya haki na hisani. Hata hivyo hakukata tamaa. Mwaka 1989, akiwa bado mfungwa, alipata digrii ya sheria ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, na tarehe 11 Februari 1990 akafunguliwa.

Sisi Warundi twamjua mtu huyu. Baada ya kufa kwa Mwalimu Nyerere, Oktoba 1999, Mandela ndiye aliyepokea kazi ya kuwapatanisha Warundi huko Arusha, na mapatano yakatiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000. Katika mwaka huo huo aliingia gereza la Mpimba, Bujumbura, akaikemea hali aliyoikuta. Aliyekuwa mfungwa alikuja kuwasemea wafungwa wetu.

Mfano wa pili: Susan Kigula

Huko Uganda, Susan Kigula alihukumiwa kunyongwa mwaka 2002 kwa shtaka la kumwua mumewe. Yeye na wenzake mamia walipeleka mashtaka kupinga hukumu ya kifo, na Januari 2009 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi ile iliamua kwamba hakimu asilazimishwe kutoa hukumu hiyo. Mwaka 2011 hukumu yake iligeuzwa kuwa kifungo cha miaka 20. Katika gereza la Luzira alisoma masomo ya sekondari, akawafundisha wanawake wenzake, kisha akasoma sheria kwa Chuo Kikuu cha London mpaka akapata stashahada. Alifunguliwa Januari 2016. Huko Kenya pia, katika gereza la Kamiti, wafungwa wamefaulu mtihani wa sheria wa chuo hicho hicho.

Na kwetu?

Tarehe 7 Desemba 2021 moto uliwaka katika gereza la Gitega, na serikali ilitangaza kwamba watu 38 walikufa. Gereza lile lilijengwa kwa watu 400, na siku ile lilikuwa na zaidi ya 1,500. Msomaji atauliza: mahali ambapo mtu hana nafasi ya kulala, je, tuseme habari za chuo kikuu? Swali hilo ni la haki. Masomo yahitaji meza, taa, vitabu na chumba cha mtihani. Siku hizi vyuo vingi hufundisha kwa intaneti, na mfungwa hana ruhusa ya kuwa na simu. Zamani barua ilipita mlangoni, mashine haipiti. Lakini nafasi ya kulala na nafasi ya kusoma hazishindani. Zote mbili zatoka katika fikira moja, kwamba aliye ndani bado ni mtu.

Wengine husema, "Ndugu yangu hakuiba, naye hana karo. Kwa nini mwizi asome?" Uchungu huo ni wa kweli. Lakini haki tunayoisema hapa si kupewa karo kabla ya wengine. Ni kutofungiwa mlango. Tena wafungwa walio wengi watatoka siku moja, warudi milimani kwetu. Kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Na mtu aliyetoka na cheti ana njia nyingine ya kushika.

Basi, ninyi mliokwisha kumaliza shule, kitabu mlichokwisha kukisoma chaweza kuwa cha kwanza katika maktaba ya gereza. Ombeni ruhusa, mkipeleke.

Maswali ya kujizoeza

1. Eleza kwa maneno yako tofauti ya haki na hisani.
2. Masomo ya Mandela yalikatazwa kwa miaka minne. Kama yangekuwa haki, ungalifanyika nini?
3. Taja vitu vinne ambavyo mfungwa ahitaji ili afanye mtihani wa chuo kikuu.
4. Andika barua kwa mtu asemaye, "Mwizi asisome." Usimtukane, mjibu.