Kioo Kabla ya Kupulizwa

Ukitoka hapa Ngong ukaelekea upande wa Kitengela, kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, utakuta karakana ya vioo iliyoanzishwa na msanii Nani Croze zaidi ya miaka 40 iliyopita. Vioo vya madirisha vilivyovunjika huyeyushwa tanuruni, kisha fundi huchota tonge la moto kwa bomba la chuma akapuliza. Tonge huvimba kama puto, na punde si punde unaona bilauri.

Wengi hudhani ati Wayunani wa kale nao walipuliza. La! Kupuliza kioo kulianza karne ya 1 K.K. huko Shamu, ilhali Wayunani walikuwa na vichupa maridadi vya manukato tangu karne ya 6 K.K. Sasa ule uwazi wa ndani waliupataje?

Kwa udongo na mavi ya mifugo, vitu ambavyo mtoto wa manyatta anavijua sana. Fundi aliufinyanga mchanganyiko huo kwenye ncha ya ufito wa chuma, ukawa umbo la ndani la chupa. Akauvika kioo kilichoyeyuka, mara nyingi cha buluu iliyokoza, akazungushia nyuzi za kioo cha manjano na cheupe. Hapo ndipo penye urembo: zile nyuzi zikiwa bado laini, alizikwaruza kwa chuma chenye ncha, juu na chini, zikapinda zikawa mawimbi. Akavingirisha chupa kwenye jiwe bapa, nyuzi zikazama. Ilipopoa, akaukwangua udongo wote. Mavi yalisaidia, kwani majani yaliyomo huungua na kuacha vitundu, udongo ukabomoka upesi.

Tena ilipozwa polepole. Umewahi kuona chai ya moto ikipasua glasi baridi? Upande mmoja hutanuka kabla ya mwingine. Kioo kinachopoa ghafla hupasuka kwa sababu iyo hiyo, na hata mafundi wa leo hawana njia ya mkato.

Je, kioo cha aina hiyo kilifika kwetu? Kitabu kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kiyunani karne ya 1 B.K., chataja mawe ya kioo ya aina kadhaa kati ya bidhaa zilizoletwa pwani yetu, hadi soko la Rhapta. Mimi naona hizo zilikuwa shanga, si chupa. Shanga haivunjiki ovyo jahazini. Na shanga za akina mama wa Kajiado? Nazo ni kioo, nyingi zikitoka ng'ambo, huko Cheki.